Mlio wa Landrover

Uingereza wapo watu wanaofungua injini ya MG au Triumph katika banda la nyumbani kwa kujifurahisha tu. Gari lenyewe la viti viwili, la kutembelea siku za jua. Sisi Musoma Mwingereza tuliyemzoea ni mwingine: Landrover 109, bodi ya alumini, mgongo mrefu, kazi yake pamba na wagonjwa.

La marehemu baba ni la mwaka 1976. Lilikaa juu ya mawe uani miaka minne, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Baba mdogo akaja kutoka Butiama na neno moja: "Ng'oeni hiyo injini, tupachike ya Toyota ya dizeli. Msimu wa pamba ukifunguliwa Bunda, gari liwe barabarani." Hakusema uongo. Petroli ni ghali, na mafundi waliokwisha kufanya hivyo ni wengi. Lakini mama, ambaye hajawahi kushika usukani, alikataa.

"Shemeji, mlio wake naujua."

Basi akapewa muda hadi msimu, mimi nikapewa spana.

Spana zenyewe zilikuwa kesi. Mtaa mzima una za milimita, za magari ya Kijapani. Landrover lataka za inchi. Fundi mmoja mzee wa Mwigobero alikuwa nazo, kazifunga ndani ya kanga. Akaja nazo, akabaki.

Injini hiyo ni ya lita 2.25, silinda nne. Hadi 1980 kranki yake ilishikwa na beringi kuu tatu. Baadaye zikawa tano. Yetu ni ya tatu. Silinda zilikuwa zimelika, kwa hiyo bloki ikapakiwa basi la Mwanza kwenda kuchongwa, ikalipiwa nauli kama abiria. Pesa zilitoka kwa mbuzi wawili wa Butiama. Baba mdogo yule yule wa Toyota ndiye aliyewauza, akinung'unika mpaka mnadani.

Vavu nane nilizisaga kwa mkono, kijiti chenye mpira wa kunyonya kikizunguka viganjani mithili ya mtu anayepekecha moto. Unasaga hadi duara la kijivu lionekane bila kukatika. Si mchezo, bwana! Mzee akamimina mafuta ya taa tunduni. Vavu moja ikavuja.

"Saga tena, kijana."

Mimi nina riwaya isiyokwisha. Msomaji, usicheke: usiku ule nilitamani sura zake nazo zingemiminiwa mafuta ya taa.

Tukapima nafasi za vavu, inchi 0.010 kila moja. Waya za plagi tukazifunga kwa mpangilio wake, 1-3-4-2, ambao mdogo wangu aliugeuza wimbo wa kuruka kamba.

Ilipowaka, uani kulijaa moshi, kuku wakatawanyika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza.

"Ulikuwa mzito kidogo kuliko huu."

Mzee akagusa kabureta kwa bisibisi. Mngurumo ukashuka.

"Hapo hapo."

Baba mdogo akauliza mpaka Bunda litakunywa lita ngapi. Mzee akajifanya hajasikia.