Majabali ya Oman: Maneno kwa Familia Zinazojiandaa kwa Safari

Katika familia za Amu, Pate na Siyu wako wengi wenye jamaa zao Oman, na mialiko haikatiki. Zamani mgeni alifika Maskat, akakaa na jamaa zake siku zake kadhaa, akarudi na halua. Siku hizi wenyeji hawaridhiki na hayo. Humkodia mgeni gari na dereva mwenye kuijua njia, wakamzungusha siku nne au tano katika majabali ya Hajar. Akina mama wameniuliza juu ya safari hiyo, hasa wale watakaofuatana na wazee na watoto, nami nawajibu hapa kwa pamoja.

Njia yenyewe inapendeza. Kutoka Maskat gari hupita Sumail hadi Nizwa, mwendo wa saa mbili hivi. Jirani na mji huo mna Falaji Daris, mfereji unaoleta maji kwa mteremko wa ardhi tu, bila mashine. Ni mmoja wa mifereji mitano iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, kama ulivyotiwa mji wetu mwaka 2001. Na watu wa Pate nawasihi wasiipite Bahla bila kushuka garini. Ngome yake ya udongo yahusishwa na Banu Nabhan, na mapokezi ya Pate yawataja Wanabahani kuwa walitoka Oman. Wanatarehe wangali wakibishana juu ya miaka na nasaba, lakini mtoto wa Pate akisimama chini ya kuta zile atakuwa na la kuuliza.

Kisha huja Jabal Shams, kilele kinachokaribia mita 3,000, na chini yake korongo la Wadi Ghul, lenye kina cha mita elfu moja hivi. Sisi ambao mlima wetu ni vilima vya mchanga vya Shela hatuna mfano wa kulinganisha. Chukueni nguo nzito, kwani baridi ya usiku huko ni kali wakati wa kipupwe, na ukingoni mtoto ashikwe mkono.

Lakini jambo linalonitia hofu ni maji. Mabonde makavu huitwa wadi, na barabara nyingi hukatiza ndani yake. Mvua hunyesha jabalini, mbali, na juu yenu mbingu ni safi. Mara maji hayo yakafika yakibeba mawe. Aprili 2024 mafuriko ya Oman yaliua watu zaidi ya kumi, wakiwamo watoto wa shule waliokuwa garini huko Samad al-Shan. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Basi kabla ya kuulizana bei na dereva, mwulizeni atafanya nini akikuta wadi inapita maji. Akijibu kwamba gari lake ni refu, tafuteni mwingine. Na katika mpango wenu acheni siku moja tupu, kwa sababu chumba kilicholipiwa ng'ambo ya pili ndicho kinachowafanya watu wavuke. Nahodha wetu hungoja maji yajae ndipo apite Mkanda, na sijasikia abiria aliyemwita mwoga.

Kuhusu sala, kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa Maskat siku nne kamili, pasipo kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, husali kamili akiwa hapo. Akitoka kwenda Nizwa anaanza safari nyingine, naye aweza kukusuru na kukusanya. Katika misikiti ya Ibadhi hatasikia kunuti ya alfajiri, na ataona mikono imeachwa ubavuni. Asali nao, wala asianzishe mjadala katika nyumba za watu.

Mwanamke afuatane na maharimu wake, na hapana ulazima wa kukopa kwa ajili ya matembezi.

Tena, bibi mwenye magoti mabovu asipandishwe jabalini kwa kuwa tu kila mtu anakwenda. Mwulizeni yeye anataka nini. Huenda jibu lake likawa ni Ibra, kwenye nyumba ambazo wazee waliotoka Unguja bado huzungumza Kiswahili. Mwacheni huko na kahawa na tende zake, nanyi mtampitia mkielekea kwenye michanga ya Bidiya.