Tungule za Biriani ya Harusi



Sisi wauza tungule tunajua kwamba bei huanza kuanguka shambani. Tungule zikichumwa jua kali na kujazwa pomoni kwenye tenga, za chini hupondeka. Moja ikioza, huambukiza nyingine. Zetu huchumwa asubuhi, hukaa kivulini, na husafirishwa kwenye makreti mafupi. Zilizopondeka tunazitenga na kuziuza rahisi, zipikwe siku hiyo hiyo. Kuzificha chini ni ghushi, Mtume (S.A.W.) alimkemea muuzaji aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya rundo.

Bi harusi, kwa biriani ya Jumapili nunua mapema zinazoanza kuwiva, wala usizitie friji: baridi huzizuia kuwiva vizuri. Na ukija kwetu, omba tenga limwagwe mbele yako. Hatukasiriki.