Sumaku ya Mjomba

Mjomba alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaishonea kifuko cha kitambaa ili isichubue rangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mizani yake. Mtu akimletea gari kutaka kujua thamani yake, hakuwa na pupa ya kufungua boneti wala kuuliza ni la mwaka gani. Alilizunguka kimya, akiigusisha sumaku chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, pembezoni mwa vioo. Iliposhika, alipita. Ilipoteleza, alisimama akaguna. Chini ya rangi mahali pale palikuwa na fila, na chini ya fila mara nyingi hapakuwa na kitu.

Mwisho wa mwaka 1998 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea matokeo, nashinda gerejini kwake Majengo, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kuosha spana kwa mafuta ya taa na kutumwa chai. Siku moja akaitwa kwenye simu ya duka la jirani. Mteja wake wa zamani, aliyehamia Nairobi, alikuwa amesikia kwamba kuna Datsun 240Z imelala kwenye nyumba moja ya Kizingo. Aliitaka. Alimwomba mjomba akaitazame, kisha amwambie bei ya haki.

Neno hilo lilimsumbua njia nzima. "Bei ya soko ningemwambia papo hapo kwenye simu," aliniambia tukiwa kwenye matatu. "Bei ya haki mpaka nilale chini ya gari."

Inafaa niseme kidogo kuhusu gari lenyewe, kwa sababu mtu wa leo akisikia Datsun huenda akafikiria pikapu ya kubebea mahindi. 240Z ilitoka Japani mwaka 1969: viti viwili, boneti ndefu kama pua ya papa, mgongo unaoteremka mpaka nyuma, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393. Marekani ilipoanza kuuzwa bei yake ilikuwa dola 3,526, na walioyazoea magari ya michezo ya Ulaya walishangaa kupata vyote hivyo kwa pesa hiyo. Lakini sisi hatukuijulia Marekani. Tuliijulia kwenye mbio za magari za Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, na ushindi huo ulikuwa wa ajabu: Mehta alifungana pointi na Harry Källström, naye pia alikuwa kwenye Datsun, ikabidi kanuni ndizo ziwatenganishe. Mjomba wakati huo alikuwa kijana wa kusimama kando ya barabara siku za Pasaka na kurudi nyumbani mwekundu kwa vumbi. Kwa hiyo tulipokuwa tunaelekea Kizingo, ingawa alijikausha, nilijua moyo wake hauko sawa.

Gari lilikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, mahali ambapo ukinyamaza unasikia bahari. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mjane. Tulimwamkia, akatuitikia, akatutolea kahawa na haluwa kwanza. Ndipo akatueleza mambo yake.

Dalali mmoja alikuwa amekwisha kufika akamtajia shilingi 90,000. "Ameniambia Datsun ni Datsun," alisema. Halafu akatoa ukurasa wa gazeti la magari, umekunjwa mara nne. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Dubai alikuwa amemtumia. Habari yenyewe ilisema kwamba huko Marekani Nissan wenyewe wanakusanya 240Z kuukuu, wanazitengeneza upya mpaka kila skrubu, na kuziuza kwa takriban dola 25,000. Kwa shilingi za wakati ule hiyo ilikuwa kama milioni moja na nusu. Kijana alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu: *Mama, usishuke chini ya milioni.*

"Tena marehemu alikuwa akisema gari hili lilikimbia Safari," akaongeza.

Mjomba aliusoma ukurasa ule polepole, akaukunja kama alivyoukuta, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akavua shati.

Nimeshuhudia watu wengi wakikagua magari tangu siku ile, wengine wana kompyuta, na sijaona tena ukaguzi kama ule. Sumaku ilishika vizuri kwenye boneti na paa. Kwenye tao la gurudumu la nyuma ikaanguka mkononi mwake. Chini ya mlango, nyuma kidogo, ikaanguka tena. Akanionyesha ule mfereji chini ya kioo cha mbele ambamo maji ya mvua huingia, na majani makavu yaliyoziba matundu ya kuyatoa. Maji yakituama hapo, alisema, huteremka ndani na kula sakafu taratibu, na wewe uko juu unasikiliza redio. Alinionyesha kisahani cha betri kilivyotafunwa na asidi. Akafunua zulia upande wa dereva, akachukua bisbisi, akaisukuma kwa kidole kimoja tu. Ilipita. Tukaona mchanga wa banda.

"Kutu unayoiona ni salamu tu," alisema. "Mwenyewe yuko ndani."

Ukae pwani ujue chumvi inavyofanya kazi. Gari lililokaa miaka kumi Nakuru na lililokaa miaka kumi Kizingo si ndugu, hata kama yalishuka melini siku moja.

Kwa injini hakuwa na hofu, na hapa nilijifunza jambo ambalo bado hunifurahisha. Tuliazima betri, tukatia geji ya kompresheni: silinda tano zilikaribiana, ya sita ilikuwa chini. Nilidhani huo ndio mwisho wa gari. Mjomba akacheka. Tundu la silinda ya 240Z ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, na vipimo hivyo ndivyo vya Datsun 1600, ile ya silinda nne, ambayo pale gerejini tulikuwa tukiifungua na kuifunga kila mwezi. Wajapani walikuwa wameongeza silinda mbili tu. "Pistoni nitaipata kabla ya adhuhuri," alisema. "Kioo cha nyuma kikivunjika nitakipata wapi? Dashibodi? Ile taa?" Gari la namna hii, alinifundisha, haliuawi na kile kinachosogea. Huuawa na bati, kioo na mpira.

Kisha akaja kwenye habari ya Safari. Gari lililokimbia Safari lina makovu: matundu ya kufungia taa za ziada mbele, alama za ngao ya chuma chini ya injini, welding ya kuongeza nguvu kwenye maungio. Alipapasa kote kwa tochi. Hakuna kitu. Akatoka chini akijifuta jasho.

"Mama, hili halikukimbia Safari. Limekimbia Nyali."

Mama akacheka mpaka akashika mtandio. "Na Nyali kwenyewe alikuwa akienda polepole."

Lakini kulikuwa na la kuongeza pia. Kwenye kibati kilichofungwa ndani ya boneti kulikuwa na namba ya injini na namba ya gari, inayoanza na HS30, ile ya magari yenye usukani wa kulia. Mjomba alisugua ukuta wa nyuma ya injini kwa kitambaa chenye petroli mpaka namba iliyogongwa kwenye bati ikajitokeza. Akasugua na bloku ya injini. Akaomba logbuku. Zote zilisema jambo moja. Injini ile haijawahi kutoka kwenye gari lile. Vioo vyote vilikuwepo, taa zote, bampa zote, hata kile kiberiti cha kuwashia sigara. Dashibodi ilikuwa na ufa mmoja tu, juu ya geji, na mimi nilidhani ni kasoro, kumbe mjomba alifurahi: jua letu huzipasua vipande vitatu.

Alikaa kwenye kiti cha mkeka, akapasua pakiti ya sigara za Sportsman, akaandika upande wa ndani. Hakuanza na bei ya dalali wala ya kijana wa Dubai. Alianza na gari zima, safi, la kuendeshwa kesho, ambalo yeye mwenyewe angemshauri mtu wa Nairobi alinunue. Akaandika 500,000. Ndipo akaanza kutoa. Sakafu: bati, kazi, na kung'oa kila kilichomo ndani ili uifikie. Kiasi hicho akakizidisha mara mbili, kwa sababu ya yale utakayoyakuta ukishafungua. Matao ya nyuma. Rangi. Mipira ya milango. Breki zilizolala. Tairi. Pistoni moja na ring zake, kitu kidogo. Mwisho akarudisha pesa kidogo kwa ajili ya namba zinazolingana na kwa vioo kamili. Chini akapigia mstari: 220,000.

Nilimwuliza mbona hakuhesabu kwamba 240Z ziko chache. Alijibu kwamba uchache si mali mpaka apatikane wa pili wa kuutaka. Nilimwona mshamba siku ile. Leo nadhani alikuwa na haki nusu.

Jambo lililonishtua ni kwamba alikisoma kile kipande cha Sportsman kwa sauti, mbele ya mama, mstari kwa mstari. Yeye alikuwa ametumwa na mnunuzi! Mimi kichwani nilikuwa nimekwisha kumpandisha dalali mpaka laki moja, tumefunga mkataba, mteja amefurahi, na bahashishi imenunua viatu. Yeye anaeleza sakafu ni kiasi gani, na kwa nini bei ya dalali ni ya Datsun nyingine, na bei ya kwenye gazeti ni ya kazi za mafundi wa Marekani, gari wameliongezea tu. "Ukitaka lifikie milioni na nusu," alimwambia, "litie milioni na nusu." Mama alisikiliza kwa makini sana. Akaomba kile kipande cha pakiti. Akapewa.

Kwenye matatu ya kurudi nilishindwa kujizuia. Nikamwambia angenyamaza tu.

"Ningenyamaza nikala haluwa yake?" alisema, akatazama nje.

Jioni alimpigia mteja. Alitaja 220,000, na mteja akajibu: sawa. Hakupunguza hata shilingi. Mjomba alirudi kutoka dukani uso umekunjamana, akaketi juu ya tairi. Nilidhani kuna ubaya. Kilichomuudhi ni kwamba mtu amekubali upesi mno. Usiku ule alipiga hesabu upya mara tatu, nadhani mara nne, akitafuta alipokosea, na sijui kama alipaona.

Haikusaidia kitu. Kijana wa Dubai alisema hapana, tena kwa maneno makali. Kwake fundi aliyetumwa na mnunuzi hawezi kusema kweli, na ukitazama kwa macho yake huwezi kumlaumu. Mama hakutaka kugombana na mwanawe kwa ajili ya chuma. Mteja wa Nairobi akanunua Peugeot 504. Datsun ikabaki bandani, na kila msimu wa mvua maji yakapita mle mlemle kwenye mfereji ulioziba.

Tulirudi mwaka 2006. Nakumbuka mwaka kwa sababu ndio uliokuwa na habari za kufariki kwa Shekhar Mehta, na mjomba alikuwa amemzungumzia wiki nzima kama jamaa yake. Safari hii mama ndiye aliyetuita. Alikuwa amezeeka. Kile kipande cha Sportsman bado alikuwa nacho, ndani ya logbuku. Mwanawe alikuwa amesema uza, bei yoyote.

Kiti cha dereva kilikuwa kimezama, miguu yake ikiwa imepita sakafuni na kusimama juu ya ardhi. Ukifungua mlango, gari lilijipinda katikati kama jahazi bovu. Dashibodi ilikuwa vipande vitatu. Mjomba hakulala chini. Alikuwa na sumaku yake mfukoni, niliona kifuko kimechungulia, lakini hakuitoa. Alimtafutia mtu aliyekuwa na 240Z nyingine bara na aliyehitaji milango, vioo, kabureta mbili na mlango wa nyuma. Mtu huyo alitoa 70,000. Bodi alituachia, tukaikatakata kwa gesi palepale bandani, kazi ya asubuhi moja. Kibati cha HS30 mjomba alikifungua kwa mkono, akampa mama. Sijui alikifanyia nini.

Mapema mwaka 2020 nilisoma kwamba Marekani 240Z ya mwaka 1971 imeuzwa mnadani kwa dola 310,000. Nilipiga hesabu kwa shilingi: zaidi ya milioni 30. Nikasoma tena kuhakikisha sifuri. Mjomba alikuwa ameacha kazi, macho yamepungua nguvu, anashinda barazani kwake Kisauni na redio. Nikampigia simu.

Nilimtajia bei. Akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza imetembea kiasi gani. Nikamwambia maili 21 elfu tu, rangi ni ile iliyotoka nayo kiwandani.

"Haya," alisema. "Na sakafu yake ikoje?"