Gitaa Rahisi

Tumezoea kumcheka mchezaji anayeisingizia ngoma. Twamwona mvivu atafutaye pa kuficha udhaifu wake, na mara nyingi hatukosei. Lakini ngoma mbovu ziko duniani, na ole wake mwanafunzi aanzaye kazi kwa chombo kibovu, kwa maana hana elimu ya kukilaumu, hujilaumu mwenyewe.

Mpwa wangu alinunua gitaa la besi kwa akiba ya mwaka mzima. Lilikuwa rahisi kuliko yote dukani, na jina la kiwanda chake si kitu hapa. Baada ya miezi miwili alikuja nalo kwangu, ncha za vidole zimechubuka, akasema, "Mjomba, nitafutie mnunuzi. Mimi sikujaliwa muziki." Nilisikitika kuona kijana wa miaka 16 amejihukumu bila ya shahidi. Nikamwomba tulihukumu gitaa kwanza.

Gitaa la besi la umeme si chombo cha kale. Leo Fender alilitoa lake mjini Fullerton, California, mwaka 1951, akaliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni humpa mpigaji sauti iliyo sawa, msaada ambao besi kubwa ya kusimama haina. Basi usahihi ndio ahadi ya kwanza ya chombo hiki, na gitaa rahisi lapasa kupimwa kwa ahadi hiyo kabla ya kupimwa kwa rangi yake au utamu wa sauti yake.

Tuliitazama shingo kwa jicho moja, kama seremala atazamavyo ubao: ilikuwa imepinda kama upinde. Tulipima nafasi iliyo kati ya uzi mnene na kijiti cha 12, tukapata milimita 5, ambapo 2 na nusu zingetosha. Kisha nilipiga uzi huo mtupu, na tena ukiwa umebanwa kwenye kijiti hicho. Sauti ya pili yapasa kuwa ile ya kwanza, ila juu yake kwa oktava moja kamili. Hapa ilipanda kupita kiasi. Kijana alikuwa akibana kwa nguvu za watu wawili, na hata alipobana vema alisikia kosa. Uzuri wa sikio lake ndio uliomtesa.

Dawa haikuwa mbali. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayokazwa kwa ufunguo mdogo, na mwishoni mwa nyuzi, juu ya mwili wa gitaa, mna skrubu za kuziinua, kuzishusha, kuzirefusha na kuzifupisha. Tulikaza fimbo kidogo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukashusha nyuzi, tukasahihisha urefu wake. Alasiri moja ilitosha. Hatukuweza kuponya kila kitu: sauti ilibaki nyembamba, na kirungu cha kuiongeza kilikwaruza kila kilipozungushwa.

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na wengi hulitumia neno hilo kumfukuza maskini mlangoni pa duka. Mimi naona chombo rahisi kina aibu za namna mbili, upungufu na uongo. Sauti nyembamba ni upungufu, na mwanafunzi aweza kuuvumilia miaka miwili au mitatu. Shingo iliyopinda, ufunguo usioshika uzi, na kijiti kitoacho sauti isiyo yake ni uongo, na uongo humharibu ajifunzaye. Anunuaye gitaa rahisi na aulize kama lasema kweli, au kama fundi aweza kulifanya liseme kweli, na ujira wa fundi auhesabu katika bei.

Mpwa wangu hakuliuza. Bado hukosea mara nyingi, lakini makosa hayo sasa ni yake, na kosa lililo lake mtu aweza kulisahihisha.