Kutoka Mpanda Hadi Unguja

Ndugu msomaji, siku hizi wako wazazi wa huku Majengo ambao watoto wao wamekwenda Unguja kutafuta kazi, wengine hotelini, wengine katika ujenzi. Baada ya mavuno hufika mmoja au wawili katika ofisi ya parokia kuomba barua ya Baba Paroko, na swali lao ni lilelile: "Karani, huko kisiwani nitafikaje, na hizi fedha zitatosha?" Basi nimeona yafaa niandike hapa, ili na ndugu wa vigangoni wapate kusoma.

Reli yetu hupita Kaliua hadi Tabora. Treni ya Mpanda haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizia stesheni mapema. Mwenye haraka hupanda basi. Ukifika Dodoma waweza kubadili na kupanda treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kwenda Dar es Salaam mwaka 2024. Usifike Dar es Salaam jioni ukitumaini kuvuka saa ileile. Mtafute ndugu, ulale, uvuke asubuhi.

Bandari ya boti i karibu sana na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ukiuona mnara wake, umekwisha kufika. Hapo ndipo fedha za wengi hupotelea. Kabla hujalifikia dirisha watakujia vijana wenye maneno mengi, watakushika mzigo na kukuita mama au mzee wangu. Wapite kwa adabu. Nunua tiketi dirishani kwa mkono wako mwenyewe, uonyeshe kitambulisho, ulipe kwa shilingi, maana nauli ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nchi za nje. Boti ya kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi.

Juu ya bahari nataka tusemezane wazi. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na hata mtu mzima hutapika. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi; mamia walikufa. Julai 2012 meli ya Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kwa hiyo ukiona chombo kimejaa mno, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Nauli itatafutwa tena.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Urefu wake ni kama kilomita 85. Kwa daladala waweza kwenda Nungwi au Jambiani asubuhi ukarudi mjini mchana, kwa fedha kidogo kuliko teksi. Uliza bei kabla ya kupanda, na usingoje jioni.

Sisi tuliozoea ziwa la Tanganyika pale Karema na Ikola hatujui maji yanayoondoka. Huko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji hupwa yakaenda mbali sana, ukaona mchanga mtupu ulipokuwa na mawimbi asubuhi. Watoto hufurahi wakakimbilia ndani. Wazuie! Maji hurudi, tena hupita kwanza mabondeni nyuma yako, ukajikuta umezungukwa. Vaa viatu, kwa ajili ya miiba na mawe makali. Tena tazama unapokanyaga: zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni mashamba ya mwani ya akina mama, na shamba la mtu ni shamba, hata likiwa majini.

Wenyeji wengi ni Waislamu. Mama ajifunge khanga vizuri, baba asitembee kifua wazi, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Salimu kwanza, ndipo uulize njia. Kiswahili chao ndicho kilichofanywa msingi wa kile tunachofundisha shuleni, ingawa wao shule huiita skuli. Jumapili uliza Minara Miwili, ndilo kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, mtaa wa Shangani.

Mahali pamoja usipapite: Mkunazini. Palikuwa na soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao papo hapo. Watu waliokamatwa kandokando ya ziwa letu walitembezwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka pwani, wakapakiwa majahazini hadi soko hilo. Njia unayoipita kwa treni ni karibu ileile. Uani zimo sanamu za watumwa shimoni, minyororo shingoni. Kiingilio hulipwa mlangoni. Sema kwamba wewe ni raia. Mwanao aliyeko huko mwambie mfuatane, pengine naye hajafika.