Habari ya Macho ya Mama Yangu

Katika vijiji vyetu vya Kisarawe liko neno moja lililowafunga wazee wengi nyumbani kuliko maradhi yenyewe, nalo ni neno "uzee." Mzee akianza kupapasa ukuta atafutapo mlango, twasema ni uzee. Akimimina chai kando ya kikombe, twasema ni uzee. Naye mwenyewe akisikia hivyo hukubali, maana ni nani awezaye kushindana na miaka yake? Leo nataka kuwaeleza habari ya mama yangu mzazi, aliyekaa ndani ya neno hilo yapata miaka mitatu, na jinsi alivyotoka.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe, kwa kuwa jina lake hutupoteza. Sisi twauita mtoto wa jicho, na wengi hudhani ya kwamba kitu kigeni kimeota ndani ya jicho, kama uyoga uotavyo juu ya gogo. Sivyo. Nyuma ya mboni, yaani ule weusi wa katikati, kila mtu amezaliwa na lenzi, kitu kidogo kiangavu kama maji safi, na kazi yake ni kuukusanya mwanga hata uangukie mahali pake nyuma ya jicho. Mtu akiendelea katika umri, lenzi hiyo huanza kufifia kidogo kidogo. Tazameni ute wa yai: ukiwa mbichi, waona kidole chako ng'ambo ya pili, ukiisha kupata moto huwa mweupe, wala haurudi tena kuwa kama kwanza. Ndivyo ilivyo lenzi ya mzee, ila yenyewe hufanya hivyo pasipo moto, kwa miaka mingi, na pasipo maumivu.

Ugonjwa wa kisukari huliharakisha jambo hilo, hali kadhalika pigo la jichoni, moshi wa tumbaku, na jua kali la miaka mingi. Hata mtoto mchanga huweza kuzaliwa nalo. Hapana dawa ya kunywa wala ya kutia jichoni iwezayo kuirudisha lenzi katika uangavu wake. Na yale majani yanayokamuliwa jichoni huweza kukiunguza kioo cha mbele, hata jicho ambalo lingalipona likapotea kabisa.

Mama yangu akaa upande wa Maneromango, naye ni fundi wa kusuka mikeka. Huchukua ukindu uliotiwa rangi, akasuka ukili, kisha akashona. Macho yake yalipofifia hakuiacha kazi, kwa kuwa vidole vyake vyaijua njia. Lakini rangi hazina sauti wala hazipapasiki. Nyekundu ikaingia mahali pa kijani, na zambarau ikatokea pasipotazamiwa. Wanunuzi walikuja, wakausifu mkono wake, kisha wakaenda zao pasipo kununua, naye hakujua sababu.

Mjukuu wake, msichana wa darasa la nne, ndiye aliyekuwa macho yake. Walikuwa na fimbo moja: mtoto alishika ncha ya mbele, bibi akashika ya nyuma, wakaenda hivyo dukani, zahanati, na misibani. Watu walimsifu mtoto yule kwa adabu yake, na kweli alistahili sifa. Walakini mwalimu wake alipolifungua daftari la mahudhurio, aliona siku nyingi ambazo mtoto hakufika. Mwalimu yule hakuja na maneno makali. Alikuja jioni, akaamkia, akakaa, akamwona bibi akikitafuta kikombe kilicho mbele yake. Ndipo akasema kwa upole, "Bibi, mjukuu wako hafiki shule kwa sababu wewe huoni. Nawe hujapata kwenda kutazamwa. Huenda liko jambo linaloweza kufanyika."

Ndugu yangu akanipigia simu, nami nikaenda. Nikamwamkia mama, nikamweleza ya kuwa ni vema twende hospitali ya Tumbi, huko Kibaha. Akanijibu, "Mwanangu, macho yamechoka kama miguu ilivyochoka. Je, na miguu nayo mtaipeleka Kibaha?" Watu wote wakacheka, nami pia nikacheka. Usiku, tulipobaki wawili tu, akanifunulia hofu yake. Alikuwa amesikia ya kwamba madaktari hulitoa jicho nje, hulilaza shavuni, hulisafisha, kisha hulirudisha. "Je, likianguka?" akauliza. Tena alihofu gharama, na alihofu kufia mbali na kwake. Basi nikafahamu ya kuwa lile neno "uzee" lilikuwa pazia tu, na nyuma yake palikuwa na hofu tatu zilizosimama pamoja.

Gharama twaliichanga sisi watoto wake wanne. Lakini hofu ya jicho kulazwa shavuni haikuondolewa na mtoto wake hata mmoja. Iliondolewa na mwanamke wa rika lake, jirani aliyekwisha kupasuliwa mwaka uliotangulia. Akaja, akakaa naye mkekani, akamwambia, "Mwenzangu, jicho halikutoka mahali pake. Nalilala chali, nikasikia maji baridi, nikawasikia wakizungumza, basi, wakaniambia nimekwisha." Kisha akalisoma jina la kanga aliyovaa mama. Mama alikuwa hajalijua jina lile, maana kanga ile alipewa akiwa haoni. Akanyamaza kitambo, akasema, "Nitakwenda."

Twaliondoka alfajiri. Twalipanda gari hata mji wa Kisarawe, ulio juu ya vilima vya Pugu, tukashuka kwa njia ya Kiluvya, tukaingia barabara ya Morogoro, hata tukafika Kibaha. Wengi wenu mwapajua Tumbi. Ipo karibu na lile shirika la elimu lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi tano za kaskazini ya Ulaya, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970.

Hapo mama alitazamwa kwanza. Alionyeshwa herufi ukutani, asiione hata iliyo kubwa kupita zote. Akapungiwa mkono, akasema aona kitu chapita kama kivuli. Wakampima shinikizo la damu, na sukari, na shinikizo lililomo ndani ya jicho. Daktari akatuambia ya kuwa macho yote mawili yana mtoto wa jicho, lakini sehemu ya nyuma, ambayo huupeleka mwanga katika ubongo, yaonekana ni nzima. Wataanza na jicho la kulia. La kushoto litangoja.

Na hapa nitaje jambo la huzuni, maana si haki kueleza furaha peke yake. Katika benchi letu palikuwa na mzee mmoja aliyeletwa na kijana wake. Naye pia kwao walisema ni uzee. Lakini yeye ugonjwa wake ulikuwa presha ya macho, ambayo huula mshipa wa nyuma ya jicho kimya kimya, na kilicholiwa hakirudi. Daktari akamwambia kweli, ya kuwa upasuaji hautamrudishia kuona. Dawa zitalinda tu mwanga mdogo uliosalia. Yule kijana aliinama, akazungusha kofia yake mikononi. Magonjwa hayo mawili, kwa mtu akaaye nyumbani, yana jina moja tu, nalo ni uzee; lakini moja humngoja mgonjwa na jingine halimngoji. Ndiyo sababu yatupasa kwenda kutazamwa mapema, tusikae tukikisia.

Siku ya upasuaji walimtia mama matone ya kuipanua mboni, kisha sindano ya ganzi kando ya jicho. Hakulala usingizi. Daktari, akitazama kwa hadubini, alikata mahali padogo pembezoni mwa jicho, akaitoa ile lenzi iliyofifia, akaweka mahali pake lenzi ya plastiki, nyepesi, isiyofikia upana wa punje ya hindi. Muda wake haukupita ule wa kupika chungu cha uji. Wakalifunika jicho, akatoka akitembea kwa miguu yake.

Nikiwa barazani nalifikiri habari ya lenzi ile, jinsi ilivyopatikana. Mwaka 1747 daktari mmoja wa Ufaransa, Jacques Daviel, aliitoa lenzi iliyofifia kwa kulikata jicho; kabla yake waganga waliisukuma tu chini kwa sindano ikae humo humo ndani ya jicho. Lakini mtu aliyetolewa lenzi hakuona vema pasipo miwani minene sana. Ikawa hivyo miaka mia mbili. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa Uingereza, Harold Ridley, aliwaona marubani ambao vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilikuwa vimewaingia machoni, navyo vikakaa humo pasipo kuliudhi jicho. Akawaza: kama jicho laweza kuivumilia plastiki iliyoingia kwa ajali, je, halitaivumilia lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki hiyo? Tarehe 29 Novemba 1949, mjini London, akaanza kuijaribu kwa mgonjwa. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka. Baadaye, katika nchi ya India, hospitali ya Aravind, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Daktari Govindappa Venkataswamy ikiwa na vitanda 11, ilijenga kiwanda cha lenzi mwaka 1992, na bei yake ikashuka sana. Hivyo kitu kilichoanzia katika majeraha ya vita chaweza leo kumfikia msuka mikeka wa Maneromango.

Asubuhi ya pili mwuguzi alikuja kulifungua jicho. Mama hakupiga kelele wala hakuruka kwa furaha. Alikitazama kwanza kiganja cha mwuguzi, akakigeuza huku na huku. Kisha akautazama ukuta, akasema, "Kumbe ni samawati." Kisha akanigeukia mimi, akanikazia jicho kitambo kirefu. "Mwanangu," akasema, "mbona una mvi?"

Wagonjwa wote waliokuwamo wakacheka, nami sikuweza kumjibu. Miaka mitatu alikuwa ameniona kwa sauti tu, na sauti haioti mvi.

Twalipewa masharti nayo ni haya: kutia matone kwa saa zake kwa majuma kadhaa, kutolisugua jicho, kutoinama kupuliza moto, kutobeba ndoo, kulikinga jicho na maji machafu, vumbi na moshi. Tena, jicho likiuma, au likiwa jekundu, au nuru ikipungua, kurudi hospitali siku ile ile, si kungoja kesho.

Tuliporudi nyumbani, mama aliuomba ule mkeka aliokuwa akiusuka. Akautandaza uani juani, akautazama kutoka ncha hata ncha. Kisha akaketi akaufumua wote, asiseme neno. Kesho yake akaanza upya, na rangi zikakaa mahali pake.

Lakini liko jambo ambalo sikulitazamia. Wa kwanza kuhuzunika alikuwa yule mjukuu. Siku bibi yake alipokwenda dukani peke yake, mtoto alikaa kizingitini ameishika fimbo, akalia. Alikuwa amezoea kuitwa, kuhitajiwa, kusifiwa njiani. Sasa hakuna amwitaye. Mama akafahamu upesi kuliko sisi. Akamwita, akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe ulinisomea njia. Sasa nenda kasome vitabu, jioni uje unisomee na mimi." Maana mama hakupata kusoma ujanani. Tangu hapo mtoto hufika shule kila siku, na jioni humsomea bibi yake huku ukili ukisukwa. Jicho la kushoto nalo lilipasuliwa miezi mitano baadaye, na safari ile mama ndiye aliyenihimiza mimi niamke.

Nanyi wazazi na walimu, nina maneno machache. Mzee akisema kwamba aona ukungu, au taa zamchoma usiku, au hawatambui watu mpaka waseme, msimjibu kwa hesabu ya miaka yake. Mpelekeni akatazamwe. Akikataa, msimshinde kwa maneno. Mtafuteni mzee mwenziwe aliyekwisha kupasuliwa, aje akae naye mkekani.

Nanyi walimu, mlifunguapo daftari la mahudhurio, mkaona mtoto mwenye adabu asiyefika, msiulize tu alikuwa wapi. Ulizeni pia alikuwa akimwongoza nani. Katika nyumba ya mzee asiyeona, mara nyingi wako wawili waliopoteza nuru, na mmoja wao hajafikisha miaka kumi na miwili.