Kupotewa na Ndoto

Watu wote huota, lakini si wote waotao hujua ya kuwa waota. Aghalabu mwotaji ni abiria katika chombo asichomjua nahodha wake. Hucheka na kulia kwa mambo yasiyokuwapo mpaka asubuhi imtoe huko. Wachache huamka ndani ya usingizi pasipo kufumbua macho. Hujiambia kuwa hii ni ndoto, na ndoto isivunjike. Tangu hapo mtu huweza kupaa, kupita ukutani, au kumwita maiti wake akaja. Aristotle aliandika zamani sana kwamba mlalaji pengine huwa na kitu nafsini mwake kimwambiacho kuwa ayaonayo ni ndoto tu. Kwa Kiswahili yafaa ziitwe ndoto za utambuzi.

Aliyezipa ndoto hizi jina walitumialo wataalamu wa Ulaya, mwaka 1913, ni Frederik van Eeden, tabibu na mwandishi wa Uholanzi. Mtu huyu alizichunguza kama mfanyabiashara achunguzavyo fedha yake. Aliwahi kuipiga bilauri kwa ngumi ndotoni. Haikuvunjika, lakini alipoitazama tena baada ya kitambo aliikuta imevunjika, mfano wa mchezaji aliyechelewa kuingia jukwaani. Alionja divai, akaikuta ina ladha ya divai. Tangu Januari 1898 hata Desemba 1912 aliandika ndoto za namna hii 352. Hesabu hiyo huonekana kubwa mpaka igawanywe: hata 2 kwa mwezi hazitimii, na huyu ndiye bingwa. Basi wako wengi wanaoomboleza kipawa kilichokufa, kumbe kimekawia tu kama ilivyo desturi yake.

Walakini kupotewa kwenyewe kupo. Mwalimu mmoja wa pwani alikuwa na ndoto hizi tangu utotoni. Alipokuwa mvulana aliruka juu ya mikoko, akashuka alipotaka. Baba yake alipofariki aliacha michezo hiyo. Kila alipotambua kuwa anaota alikwenda moja kwa moja mpaka baraza ya nyumba yao ya zamani, akamkuta mzee amekaa na kanzu yake, wakazungumza kidogo. Van Eeden naye alikutana hivyo mwaka 1903 na shemeji yake, akijua kabisa kuwa alikwisha kufa. Mwalimu alipoingia miaka ya thelathini mlango ulifungwa. Mwezi ulipita, kisha mwaka, wala hakumwona tena. Alifiwa mara ya pili, na msiba wa pili hauna matanga. Nani atakayekuja kumpa pole mtu aliyepotewa na ndoto? Akaanza kujitafuta kosa. Labda alimwudhi mzee. Labda kipawa hiki hakikuwa cha kutumiwa ovyo.

Hapakuwa na haja ya kujihukumu. Sababu moja ni umri, nao hauna rufani. Uchunguzi wa watoto na vijana wa Ujerumani, wenye miaka 6 hadi 19, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa ndoto za utambuzi ni nyingi kwa watoto, kisha hupungua karibu na miaka 16. Yamkini ubongo unaokomaa huzigawa kazi zake za usiku kwa namna nyingine. Sababu ya pili ni vitu vinyweshwavyo mwili. Pombe huupunguza usingizi wa ndoto, bangi vilevile, na dawa nyingi za kutibu sonona hufanya hivyo, ingawa mgonjwa atakuwa mpumbavu akiziacha kwa ajili ya ndoto bila ya shauri la tabibu.

Lakini sababu ya mwalimu ilikuwa saa. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Aserinsky na Kleitman walitangaza kuwa kipo kipindi cha usingizi ambamo macho hukimbiakimbia chini ya kope, na aamshwaye wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Kipindi hiki hurudi kila baada ya dakika kama 90, na kila kirudipo karibu na kucha huwa kirefu zaidi. Hapo ndipo panapokaa utambuzi. Van Eeden, pasipo chombo chochote, alikwisha kuona kuwa ndoto zake hizo zilimjia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Naye mwalimu alikuwa amehamishiwa shule ya mbali. Saa yake ya kengele ilimwamsha saa kumi, ili aliwahi basi la kwanza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiondoka nyumbani muda mfupi kabla ya mgeni wake kufika.

Kuna na jambo la mazoea. Hervey de Saint-Denys, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake mwaka 1867, alianza kuandika ndoto zake akiwa na miaka 13, na kwa kuandika huko utambuzi ukamjia. Asiyeiandika ndoto huisahau kabla hajavaa viatu. Lakini anayeikimbilia kwa pupa hukesha, na mkesha hauna ndoto.

Likizo ilipofika mwalimu aliifunga saa ya kengele kabatini, akaweka daftari chini ya mto. Wiki ya kwanza aliandika vipande visivyo na maana. Wiki ya tatu alimwona mzee barazani. Lakini safari hii hakutambua kuwa anaota. Alipokuwa akitambua, alizungumza na marehemu, naye akijua kuwa ni marehemu. Alfajiri hiyo baba yake alikuwa hai kabisa, akimtuma dukani kununua tumbaku kama zamani, naye alikwenda akinung'unika kwa kuwa jua lilikuwa kali. Alipoamka aliandika habari hiyo yote, na mpaka shule zilipofunguliwa hakuwa ameamua ni ndoto gani aitafute.